Kiraka cha Kefa

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Tabea alikuwa anapaka cherehani yake mafuta kwa unyoya wa kuku. Nje, majani yalikuwa meupe kwa barafu, na moshi wa nyumba za Njombe ulitambaa chini chini bila nguvu ya kupanda. Cherehani hiyo ilikuwa mali ya Mjerumani mmoja aliyeshona mahema, akachukuliwa na serikali vita vya Hitla vilipoanza. Mkono wake wa chuma ulikuwa mrefu kuliko wa cherehani yoyote wilayani, hivyo blanketi zima liliweza kupita chini yake bila kukunjwa. Wazee wa usharika walimpa Tabea cherehani hiyo kwa sababu ilijaza stoo ya kanisa, na hakuna mwingine aliyejua kuipitishia uzi.

Alishona mablanketi ya viraka. Juu viraka, chini kitambaa cha amerikani, katikati manyoya ya kondoo yaliyochambuliwa, kisha mshono wa mawimbi kutoka pembe hadi pembe ili manyoya yasikimbilie upande mmoja. Wanawake walimletea nguo za wanaume waliokwenda kukata mkonge Tanga, maana ndizo nguo zilizokuwa zimekaa bure majumbani.

Blanketi la Eufrasia, mmoja wa wanawake hao, ndilo lililotangulia kuonyesha mambo. Siku moja aliamka akakuta kiraka cha shati la mwanawe Odilo kimeota barafu, ndani ya nyumba, karibu na moto, viraka vingine vyote vikiwa vikavu. Akakikung'uta, akaanika blanketi juani. Kesho yake barafu ilikuwa imerudi. Baadaye mtu aliyetoka Tanga akasema Odilo alikufa kwa homa, na siku zilipolinganishwa zikakubaliana. Tangu hapo watu walijua kusoma viraka. Kiraka cha aliye hai kilikuwa na vuguvugu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Cha aliyekufa kiliganda. Mchungaji akaacha kungoja habari za vifo kutoka kampuni za mkonge, ambazo kwa vyovyote hazikuja. Akiletewa blanketi alilipapasa kwa kiganja, akapanga ibada. Walalamishi walikuwa watoto tu, waliogombania upande wa kulala.

Blanketi la Tabea mwenyewe lilimfunika mama mkwe wake, Zipora. Katikati palikuwa na kiraka cha kaki cha mumewe Kefa, na mwaka mzima kilikuwa na vuguvugu bila shida. Kipupwe kilipoanza, kikaanza mambo yake. Giza likiingia kiliganda. Jua likichomoza barafu iliyeyuka, kiraka kikapata joto, na kufika mchana kilikuwa kinatoka jasho. Tabea alikinusa. Halikuwa jasho la Kefa.

Hakujua ashike lipi. Alivaa nguo za msiba asubuhi, mchana akaona haya, akazivua. Alisonga ugali wa kumtosha mwanamume, kisha akakaa na kuutazama. Majirani walifika mlangoni na nyuso za kulia, wakagusa blanketi, wakakuta lina moto, wakaanza kuuliza habari za mahindi. Mchungaji naye alikuja, akakaa sana, akaondoka bila kufungua kitabu.

"Kiraka hiki kinanichanganya, Mama Tabea," alisema. "Siwezi kumwombea marehemu anayetoka jasho."

Zipora alikuwa na maoni yake. "Mwanangu anakufa akilala, anafufuka akiitwa kazini. Huko ndivyo wanavyofanya."

"Mama, mtu hafi kila siku."

"Sasa wewe unataka afe mara moja?"

Tabea alilikunja blanketi, akapanda lori lililobeba magome ya miwati, miti ya dawa ya ngozi, hadi Makambako, ambako kampuni ya mkonge iliyomchukua Kefa ilikuwa na kibanda cha kuandikia manamba, vibarua wa mkataba. Upepo wa Makambako ulikuwa umeng'oa bati la pembeni, na watu walikuwa wamelikalia ili lisiende mbali zaidi. Karani aliitwa Hezekia, mtu mpole aliyevaa sweta juu ya koti. Aligusa kiraka, akafuta kidole kwenye suruali.

"Mke wangu analo la namna hii," alisema. "Ulimshonea wewe. Linashika joto vizuri."

"Bwana Hezekia, Kefa yu hai?"

"Yu hai. Kwetu hakuna aliyekufa tangu masika. Tena una bahati, mama. Mkataba wake umekwisha. Yumo kwenye lori linaloingia leo."

Tabea akaenda kukaa juu ya gogo na blanketi mapajani. Alitaka kufurahi, akashindwa kujua aanzie wapi. Alijifunga kilemba upya. Alikumbuka kwamba Kefa hapendi kilemba hicho, akakifungua, akaogopa upepo, akakifunga tena. Lori lilipoonekana, kiraka kilizidi kupata moto, mpaka ikambidi akunje sketi mara mbili ili mapaja yasiungue.

Hezekia alisimama kando ya lori akaita majina.

"Kefa wa Njombe!"

"Nipo!"

Akashuka mtu mrefu, mwembamba, ambaye Tabea hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Huyo hapo, mama," alisema Hezekia. "Mzima kabisa."

"Huyu si Kefa."

Karani alimtazama mtu yule, akamtazama Tabea. "Lakini ameitika."

Mgeni alivua kofia. "Kamwene, dada," alisalimia kwa lafudhi ya Kikinga. "Mimi ni Nikodemo. Wa Matamba." Alilitamka jina lake polepole, kama anayelisoma ubaoni. "Nilipofika kule, nyapara alisema nafasi za watu wapya zimejaa. Ila ya Kefa ipo. Akaniambia, wakiita Kefa, wewe itika. Nikaitika."

"Na Kefa mwenyewe?"

"Sikumkuta. Nilipewa kitanda chake."

"Alikufa lini?"

Nikodemo alifikiri. "Sijui, dada. Kitanda kilikuwa bado na joto."

Tabea alimgeukia karani. "Sasa niambie wewe. Mume wangu amekufa au hajafa?"

Hezekia hakuwa mtu mkatili, na swali lilimtaabisha. "Kwa kampuni, Kefa aliondoka mzima na amerudi mzima. Jina likiitwa na mtu akaitika, mimi nifanyeje? Aliyepotea ni Nikodemo. Huyo hakufika kabisa Tanga."

"Lakini mimi niko hapa," alisema Nikodemo.

"Wewe ni Kefa," alisema Hezekia kwa upole. "Panda lori la Njombe pamoja na mkeo."

Gari la kwenda upande wa Matamba halikuwapo, kwa hiyo Nikodemo alipanda lile la Njombe. Njiani hawakuzungumza. Kila lori liliporuka shimo waliombana radhi.

Zipora alimpokea mlangoni. Alimpapasa mikono, akampapasa uso. "Si mwanangu," alisema. "Keti ule." Nikodemo akala ugali wa kumtosha mwanamume, wote.

Asubuhi aliomba jambo moja tu. Alisema kwao Matamba wakimwita hataitika, maana sikio lake limezoea jina jingine, na mama yake ataumia. Aliomba wamsaidie. Basi Zipora akaketi juani, blanketi magotini, akawa anamwita. Nikodemo alikuwa anapasua kuni.

"Nikodemo."

Shoka likaendelea.

"Nikodemo, mwanangu."

Shoka likasita, likaendelea. Tabea naye akaita kutoka kwenye cherehani. Walimwita akienda mtoni na akirudi. Walimwita akiwa na maji mdomoni. Jioni ilipokaribia, Zipora alimwita kwa sauti ndogo tu, akitaka kusogezewa kigoda, na yeye akaitika, "Naam, mama," bila kugeuka wala kufikiri.

Papo hapo kiraka kiliganda. Jua lilikuwa bado linawaka, na barafu ilikaa juu yake nyeupe bila kuyeyuka. Zipora aliweka kiganja, akakiacha hapo.

"Sasa amekufa," alisema, na ndipo alipolia.

Tabea alivaa nguo za msiba na safari hii hakuzivua. Mchungaji alikuja akafungua kitabu. Nikodemo alikaa mpaka matanga yakaanuliwa, akibeba kuni na kuwapokea wageni, na watu walimpa pole kwa kuwa hawakujua wampe nini kingine. Kisha akaondoka kwa miguu kwenda Matamba. Habari zilizokuja baadaye zilisema kwao walikuwa wamekwisha kumlilia muda mrefu, wakagawana nguo zake, na hakuna aliyependa kuzirudisha.

Wiki chache zikapita. Kiraka kilikuwa baridi usiku na mchana, na Tabea akaanza kuzoea kujua jambo moja kwa hakika.

Ndipo alipokuja Idda, mwanamke kijana wa Mahongole, na shati la mumewe kwenye kikapu. Alisalimia, akaketi pembeni ya mkeka.

"Nataka blanketi, mama. Festo wangu anaondoka Ijumaa kwenda Tanga."

"Kapata nafasi?"

"Karani alisema zimejaa." Idda alitazama blanketi lililokuwa mapajani mwa Zipora, akaangusha macho. "Lakini iko moja. Ataitwa Kefa."

Mguu wa Tabea ulikuwa juu ya pedali. Aliuondoa.

"Mwambie akatae."

"Nimemwambia. Anasema aliyeitwa hivyo kabla yake alirudi mzima." Idda alivuta kanga. "Jana karani alimjaribu. Kaitika vizuri sana."

Zipora alijifunika bega. Kiraka kilikuwa kimeanza kulowana pembeni.

Tabea alilichukua shati, akalitandaza juu ya meza ya cherehani. "Nikilishona hili, Idda, joto lake litakuwa la nani? La Festo au la Kefa?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui."

Akaligeuza, akatafuta mgongoni mahali kitambaa kilipokuwa bado kigumu, akakata.