Nazi ya Nne

Kwa siku thelathini na tisa Mzee Telesphory alijifungia stoo, akakaa juu ya gunia la mkaa, akamngoja Mungu. Aliyafumba macho asivione vyombo, akayaziba masikio kwa pamba asiisikie redio ya jirani. Tangu astaafu ukarani alitamani jambo moja tu: auonje uwepo wa Mungu, japo mara moja, kabla hajafa. Kwa bahati mbaya, alikwisha kuwatangazia wanajumuiya wenzake wa mtaa wa Picha ya Ndege kwamba siku ya arobaini, watakapokuja kusali nyumbani kwake, angewasimulia jinsi Mungu alivyomjia.

Siku ya arobaini, aliyemjia ni mkewe Adventina, mkono umefungwa kitambaa.

"Baba Blessing, nimeunguzwa na mvuke. Wageni wanafika saa kumi, na nazi sita hazijakunwa."

"Mama Blessing, mimi namngoja Mungu."

"Amefika?"

Mzee akafumbua jicho moja, akaangaza stoo.

"Basi kamngojee uani."

Uani alikuwapo Bi Zena, jirani yao mzaliwa wa Marui, kwenye minazi ya pwani, akichambua mchele. Ndiye aliyeleta mbuzi ya kukunia. Telesphory, mtu wa Bukoba aliyelelewa kwa ndizi, hakuwahi kuikalia mbuzi. Aliikalia upande, kama bibi harusi aliyepakiwa baiskeli.

Akaanza kukuna huku akiomba kimoyomoyo: Ee Bwana, jidhihirishe. Mara meno ya mbuzi yakamchana kidole.

"Ulikuwa wapi?" Bi Zena alifoka.

"Nilikuwa nasali."

"Unanitilia damu kwenye mbuzi yangu! Na nazi umeikuna mpaka kifuu, wali utakuwa mweusi. Toa hiyo pamba masikioni usikie unachokifanya. Weupe ukiisha, zungusha!"

Akaitoa. Kwaru, kwaru. Akautazama weupe, akazungusha. Nazi ya pili ikaisha, na ya tatu. Katika ya nne alisikia honi za Barabara ya Morogoro, kuku wakiparua, Adventina akikohoa jikoni, na hakuna lililomwudhi. Alihisi kuna aliyekaa naye karibu sana, tangu zamani, asiye na haraka. Hakugeuka kutazama, kwa maana weupe ulikuwa haujaisha.

Wageni wakafika. Anselmi, mwenyekiti wa jumuiya, akamwita sebuleni.

"Haya, Mzee wetu, tusimulie. Mungu alikujia siku ya ngapi?"

Telesphory alisimama, ndevu zimejaa nazi, kidole kimefungwa pamba ileile ya masikioni.

"Nazi ya nne," alijibu.

Watu wakatazamana. Anselmi akamtazama Adventina. Adventina akaitazama dari.

"Endelea basi, Mzee."

"Siwezi. Ya sita ipo nusu. Mniwie radhi."

Akatoka. Kutoka uani ikasikika kwaru, kwaru, kisha sauti ya Bi Zena:

"Kaa vizuri, mzee! Hiyo si baiskeli!"