Niko, Minye Huyu

Watu wa Uvira wakipenda kundi la muziki hawalipendi kidogo kidogo. Hulipenda kama ndoa ya kanisani, isiyo na talaka. Ndiyo maana Anastase Nsengiyumva alipotoka Shika Neno, baada ya miaka kumi ya kurap na wenzake, mtaa mzima wa Kasenga ulimnunia. Mafundi cherehani walisema kichwa kimemvimba. Ernestine muuza mikate, aliyekuwa akimwekea mkate wa moto kila asubuhi, alianza kumuuzia wa jana. Hakuna aliyemuuliza sababu, na hilo lilimfaa, maana sababu yenyewe haikuwa ya kusemwa barabarani.

Shika Neno walikuwa watatu: Anastase, Luc na Hyacinthe. Jina lilitokana na namna yao ya kuimba, mmoja akirusha neno na mwenzake akilidaka kabla halijaanguka. Na kila wimbo, bila kukosa, Anastase aliufungua kwa kuita, "Hyacinthe, weye uko?" Naye Hyacinthe, kwa ile sauti yake iliyokuwa ikicheka hata akiwa na njaa, alijibu, "Niko, minye huyu!" Yaani mimi huyu hapa, na hapo ndipo ngoma ilipoingia. Watoto wa Kasenga waliitana hivyo wakienda shule. Inasemekana hata padri aliwahi kumtafuta katekista wake kwa maneno hayohayo.

Halafu vita vya pili vya Kongo vikaja. Siku moja ya mwaka 1998 Anastase na Hyacinthe walikuwa wakirudi kutoka kuimba kwenye harusi huko Kiringye. Luc alibaki nyumbani na malaria yake. Risasi zililia njiani, watu wakatawanyika mashambani, na kesho yake Anastase akaingia Uvira peke yake, bila viatu. Alisema, "Tulipotezana." Basi, hakuongeza. Ukweli ni kwamba alimwona Hyacinthe akianguka kwenye mihogo, na alijua kwamba hakuinuka tena. Lakini nyuma ya ukweli huo kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, na ili asiliseme hilo, aliyameza yote mawili.

Generose, mama yake Hyacinthe, alilipokea lile "tulipotezana" kwa mikono miwili. Aliyepotea si aliyekufa. Alikataa matanga, akakataa misa ya marehemu, na kila Jumanne saa sita mchana, redio ya mji iliposoma komunike za watu waliopotezana na ndugu zao vitani, jina la mwanawe lilisomwa pia: "Hyacinthe Itangishaka, popote ulipo, mama yako anakungoja Kasenga. Jibu." Ilikuwa hivyo miaka mitatu. Anastase alizisikia zote. Mtu anaweza kuzima redio yake, lakini Jumanne mchana Kasenga nzima ilikuwa imefungua ileile.

Luc naye, maskini, kila walipopanda jukwaani aliweka maikrofoni ya tatu, ya Hyacinthe akirudi. Ni hiyo iliyomfukuza Anastase kwenye kundi. Habari ya kichwa kuvimba ilikuwa maneno ya watu tu.

Akavuka mpaka kwenda Bujumbura, kwa Bonaventure mwenye studio, akarekodi wimbo wake wa kwanza wa peke yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao marapa wengi wa kwao washageuka wachungaji. Alitaka wimbo wa furaha, usio na vita hata chembe, na aliupata. "Tucheze" ulikuwa na gitaa la kurukaruka, bia baridi, na wasichana wa Kasenga wenye maringo. Mwishoni Bonaventure akamwambia ana zawadi: kwenye kanda ya zamani aliukuta ule wito wao, naye ameubandika mwanzoni mwa wimbo. Anastase alipomsikia rafiki yake akicheka, alinyosha mkono kuizima kanda. Angesema, "Toa." Lakini ulikolea, jamani, na msanii ni msanii. Alisema, "Acha."

Redio ikaupiga Jumanne. Mtangazaji alimaliza komunike ya mwisho, "Hyacinthe Itangishaka, popote ulipo, mama yako anakungoja Kasenga. Jibu," na bila hata kukohoa akaachia wimbo mpya.

"Hyacinthe, weye uko?"

"Niko, minye huyu!"

Anastase alikuwa amesharudi Kasenga, yuko mbele ya meza ya Ernestine. Kabla hajaelewa kilichotokea, mtaa ulikuwa umeshasimama kucheza. Mafundi waliacha cherehani zao, na Ernestine akamtia mkononi mkate wa moto, akisema yameisha. Kwa muda wa wimbo mmoja Anastase alikuwa mtu wa kupendwa tena, na alifurahi, kusema kweli alifurahi sana. Kisha akamwona Luc akija mbio.

"Mama Generose iko anapika," Luc alisema, akihema. "Anasema Hyacinthe amejibu."

Uani kwa Generose majirani walikuwa wamejaa. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka kwenye pembe. Ndani, Generose alikuwa amevaa kitenge kipya, na kwenye mafuta kulikuwa na mukeke, yule samaki aliyependwa na Hyacinthe.

"Ingia, Anastase, mutoto yangu," alisema. "Hyacinthe iko Bujumbura, eh? Anakuja lini?"

"Mama, ukae kwanza."

"Nikae namna gani? Samaki itaungua."

"Ile sauti ni ya kanda ya zamani. Ya mbele ya vita. Ni Bonaventure aliitia mu wimbo."

Generose alitabasamu, kama anayemsahihisha mtoto. "Nilimuuliza mu redio, akanijibu mu redio. Weye uliona wapi mufu anajibu?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Anastase alijua kwamba akinyamaza sasa, mama huyu atapika kila siku, ataweka sahani, atasimama barabarani. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ile ya Kiringye.

"Mama, nilimuona akianguka."

Mwiko ulisimama juu ya mafuta.

"Hakufa mara moja. Alikuwa mu mihogo, minye niko hatua kumi hivi, nimelala chini. Wale wenye bunduki walikuwa wangali mu barabara. Akaniita. 'Anastase, weye uko?' Aliniita mara mbili."

"Weye ukamujibu nini?"

"Sikumujibu, mama."

Generose alimwepua samaki, akaweka sufuria chini taratibu. Alikaa kwenye kigoda. Aliifuta mikono yake yenye mafuta, na Anastase akalia mbele yake bila kuficha uso.

"Ungemujibu, mama yako naye angekuwa anakuita mu redio," Generose alisema. "Hiyo sikulaumu. Bunduki ni bunduki."

Anastase akainua kichwa.

"Lakini miaka tatu, Anastase. Kila mardi, kila Jumanne, minye namuita, na weye iko hapa Kasenga, unasikia. Hyacinthe ulimunyamazia juu ya risasi. Minye nilikuwa na risasi gani?"

Generose aliinuka, akakivua kitenge kipya kilichokuwa juu ya nguo zake za nyumbani, akakikunja vizuri. Akatoka nje uani kuwaambia majirani kwamba kuna matanga, waanze kuleta mikeka. Anastase hakuambiwa akae, wala hakuambiwa atoke. Alibaki amesimama kando ya sufuria, hajui kama yeye ni wa kufiwa au wa kufukuzwa, na nje wanawake wakaanza kulia.