Kodi ya Mwaka Ujao

Habonimana hakuwa na shamba wala ng'ombe. Hakuwa na mjomba wa kumsemea mbele ya watu, hakuwa na kaburi hata moja la wazee wake upande huu wa mpaka, na meno ya mbele yalikwisha kumtoka. Kubwa kuliko yote, hakuwa na karatasi ya uraia. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa Ilagala, akazeekea hapo, na mali yake ilikuwa moja tu: mashine ya kusaga muhogo.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba wakimbizi wanaoishi vijijini waingie kambini mavuno yakiisha. Wengine walilia, wengine wakauza mbuzi kwa bei ya kutupa. Habonimana aliwaza kodi ya mapato. Hesabu za mwaka zilikuwa bado kufungwa, na deni lingemkuta ndani ya kambi, hana ruhusa ya kutoka. Alikuwa amemwona Anatoli mwenye duka, aliyelazwa hospitali miezi mingi, akarudi akakuta riba na faini za kodi zimezaana kama panya na mizani yake imechukuliwa. Mashine nayo ikienda njia hiyo, mkewe Honorata, mwananchi anayebaki kijijini, angekula nini?

"Mume wangu," Honorata alimwambia, "mtu anafukuzwa harusini, naye anakimbilia kutoa mchango?"

Akamjibu kwamba deni halimwonei huruma mtu aliye mbali. Moyoni alikuwa na jingine ambalo hakulisema: risiti ya serikali yenye jina lake huenda ikamfungulia mlango.

Akapanda boti ya mizigo hadi Kigoma. Katika ofisi ya kodi alipokewa na binti mpole aitwaye Catherine, aliyempa shikamoo na kumvutia kiti. Akamweleza kwamba mtu anaweza kulipa kwa makisio kabla ya kuleta hesabu, na kilicholipwa mapema riba haikigusi. Ila mwaka ukiisha hesabu zenyewe ziletwe kwa wakati, la sivyo ipo faini ya kuchelewa, hata kama fedha zilikwisha lipwa. Wakakisia mapato ya mwaka mzima. Habonimana akalipa yote, akaikunja risiti, lakini hakuinuka. Akauliza kama sasa angeweza kuandikiwa kwamba yeye ni mwananchi, maana mlipa kodi ndiye mwenye nchi.



"Mzee wangu," Catherine alisema, "mpangaji naye hulipa kodi. Nyumba haiwi yake."

Hakukuwa na dharau katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Miaka yote Habonimana alikuwa akilitamka neno hilo moja, kodi, kwa mambo mawili, asione.

Mavuno yalipoisha lori lilikuja. Kambini alipewa turubai, sufuria, na jirani mcheshi aitwaye Bonaventura. Hazikupita siku nyingi habari ikamfikia: Nikodemu, kaka yake Honorata, ameing'oa mashine na kuiuza, akidai kwamba mkimbizi hana mali. Honorata alilalamika kwa wazee wa ukoo, wakamwambia anyamaze. Sasa alikuwa akila kwa kaka yake huyo huyo. Ofisi ya kodi haikuwa imegusa hata skrubu.

Mwaka ukaisha, na Habonimana akaketi kufunga hesabu kama alivyoagizwa. Mashine ilisaga nusu mwaka. Yeye alilipia mwaka mzima. Bonaventura alipojua hivyo alimhimiza adai kilichozidi, wanunue chumvi na sabuni. Habonimana aliandika polepole, kwa mwandiko wa kunyooka, kwamba kilichozidi kiwekwe kwenye kodi yake ya mwaka ujao.

"Mwaka ujao utasaga nini, mzee?" Bonaventura alimuuliza. "Mawe?"

"Mwenye kodi ya mwaka ujao bado yumo katika hesabu ya nchi," alijibu.

Alilisema hilo kwa sauti kavu, na yeye mwenyewe hakuliamini. Bonaventura alitaka kucheka, akaghairi. Habonimana akaitia karatasi katika bahasha, akapaka ukingo wake uji wa mahindi, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika, kisha akaenda kumkabidhi dereva wa lori la chakula aliyekuwa anarudi Kigoma.