Mavi ya Mama Anisia

Masika ya mwaka huu yaliingia Butihinda, huku Burundi, mwezi wa pili na yakakataa kutoka. Mwezi wa nne ulikuwa ukingoni, na pale kwa Jovina hakukuwa na kitu kikavu hata kimoja. Kuni zilitoa moshi tu. Maharage yaliota ukungu ndani ya gunia. Mbuzi, ambao mumewe Prosper aliwahamishia jikoni kabla ya kuvuka kwenda Ngara, Tanzania, kutafuta vibarua, walikojoa palepale walipolala, na mkojo ukateremka hadi kwenye mafiga. Kinyaa kilimkaa Jovina kooni kutwa nzima, hata ugali wake mwenyewe ulimshinda.

Na juu ya yote hayo, mkwe.

Mama Anisia, mama yake Prosper, aliletwa baada ya nyumba yake ya Itaba kuangushwa na mvua. Ilisemwa ni wiki mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa wiki ya sita, na hata ungempa hilo jembe angeliegemea tu. Alishinda jikoni na mbuzi, kitenge kimemfunika mpaka vifundoni, ugoro puani, akitemea mate majivuni. Alinuka siagi ya ng'ombe iliyochacha. Haamki kuteka maji, haamki kuchambua mboga. Akienda chooni alirudi ana tope mikononi na kitenge chote cha mbele, na Jovina hakuuliza kwa nini. Alisonya, akakifua.

Hayo angeyavumilia. Kilichomshinda ni mdomo wa bibi huyo.

Jovina alizaliwa Tabora, baba Mrundi aliyekufa mapema, mama Mnyamwezi. Kirundi chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, alichookota tangu Prosper amlete mwaka jana. Mama Anisia naye Kiswahili alikiokota kwa wafanyabiashara wa soko la Gitega, zamani alipokuwa akiwapelekea ndizi. Basi wakawa wanakutana katikati, hivyo hivyo. Na katika hicho Kiswahili chake cha kuokota, kila asubuhi ya Mungu, bibi alizungumzia mavi.

"Mwana, leo mavi iko inaniuma."

Jovina aliinama akapuliza moto.

"Mavi imejaa maji," bibi aliendelea. "Hii mvua itaniua mi."

Siku nyingine ilikuwa saa ya kula, Jovina ameshatia tonge mdomoni. "Kanisani sasa siwezi kuweka mavi chini," bibi akasema. "Padri amenisamehe." Tonge likarudi sahanini. Mtu mzima, mjane, rozari shingoni, anaongea hivyo mbele ya chakula cha watu. Kwao Tabora mtoto angetamka neno hilo wakati wa kula angelala na njaa. Jovina alijiambia kwamba ama bibi amechanganyikiwa, ama anamfanyia makusudi. Na kwa jinsi alivyokuwa akimkodolea macho kila akishasema, kama anayesubiri jibu, Jovina aliamua ni makusudi.

Akampigia simu Ignasi, mdogo wake Prosper, fundi baiskeli mjini Gitega. "Shemeji, njoo umchukue mama. Sababu haisemeki kwenye simu. Jumapili isipite." Ignasi alikuwa na chumba kimoja, tena cha kulala watatu. Alisita, kisha akakubali. Siku hiyo Jovina alikula akashiba.

Ijumaa bibi akapita kiasi. Alimshika Jovina upindo wa nguo, akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "Mwana, nipakaze mavi. Kidogo tu. Mi mwenyewe sifiki."

"Unasemaje, mama?"

"Mavi. Prosper alikuwa ananipakaza."

Damu ilimpanda Jovina kichwani. Sawa. Anayataka, atayapata. Alichukua bakuli la plastiki lenye ufa, akatoka mvuani mpaka zizini, ambako ng'ombe wao mmoja ndiyo kwanza alikuwa amemaliza haja. Alizoa kwa jani la mgomba, mvuke ukimpiga usoni. Akarudi na kulitua bakuli mbele ya mkwe wake.

"Haya. Hayo hapo."

Bibi alichungulia. "Amase," alisema, maana Warundi wana neno lake la heshima kwa kinyesi cha ng'ombe. Akafikiri kidogo. "Kwenu Tanzania ndiyo dawa?"

"Si umeomba mwenyewe?"

Mama Anisia akapandisha kitenge. Magoti yalikuwa yamevimba, ngozi imetanda inang'aa. Kabla Jovina hajasema neno, bibi alimshika mkono, akauchovya bakulini, akauweka juu ya goti. Uji ule wa kijani ukapenya katikati ya vidole. Kumbe ndiyo ushenzi wa Itaba, Jovina aliwaza, kujipaka mavi magotini. Alipaka akiwa amebana pumzi. Bibi alifumba macho, akamwekea mkono wa pili kichwani.

"Inapasha moto," alisema. "Imana iguhezagire, mwana. Mungu akubariki."

Jovina alinawa kwa majivu mara tatu na harufu ikabaki kwenye kucha. Jumamosi akaitwa tena, akapaka tena. Alijipa moyo kwamba imebaki siku moja.

Jumapili Ignasi alifika kwa pikipiki kutoka Muyinga mjini, amelowa chapachapa. Mama yake alimpokea kwa Kirundi cha haraka, akicheka, akamfunulia magoti yaliyogandiwa na ukoko wa kijani. Ignasi alimtazama shemeji yake. "Hiki ni nini?"

Jovina alimvuta barazani, akamwaga yote: mavi asubuhi, mavi kwenye chakula, mavi kanisani, mpaka bibi akaomba apakwe. "Nikampa alichotaka," alimaliza.

Ignasi hakucheka. "Shemeji, kwa Kirundi amavi ni magoti."

Jovina alisimama hapo. Maneno yakaanza kumrudia moja moja. Imejaa maji. Siwezi kuweka chini. Mwenyewe sifiki. Kisha likamrudia lile tope la mikononi na kwenye kitenge. Bibi alikuwa anatambaa kwenda chooni, wiki sita, mvuani, na yeye alikuwa anasonya. Kinyaa kilichomkaa kooni tangu masika yaingie kikamgeukia yeye mwenyewe. Alipoinua macho alikikuta pia usoni mwa Ignasi.

"Jiandae, mama," Ignasi alisema akiingia jikoni. "Tunaenda Gitega."

Bibi alitikisa kichwa. Akajibu kwa Kiswahili, ili na Jovina asikie. "Mi siendi. Prosper alikuwa ananipakaza siagi na uso ameweka pembeni. We Ignasi hata kunigusa hugusi. Huyu mtoto wa watu anaingiza mkono kwenye amase kwa ajili yangu. Huyu hana kinyaa na mi."

Ignasi alifungua begi, akatoa kikopo cha dawa ya kuchua alichonunua famasi, maana habari za magoti ya mama yake alizijua siku nyingi. Jovina alikipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mkwe wake.

"Mama, leo tupake hii. Hii ndiyo nzuri. Ya famasi."

Bibi alinusa kikopo, akakunja uso, akakisukuma.

"Toa, mwana. Hiyo inanuka. Lete ile yako."

Jovina alichukua bakuli lenye ufa akatoka. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alisimama nyuma ya ng'ombe, akasubiri.