Udongo wa Rendani

Mkamwana wangu Rendani anakandika ukuta vizuri kuliko mwanamke yeyote wa hapa Levubu, na ufundi huo ndio uliotuponza. Wiki ya kwanza ya ndoa alichoka kufagia kinyesi cha popo wa darini kila alfajiri. Jioni moja akangoja popo watoke kuwinda, akapanda ngazi na udongo uliochanganywa na samadi, akaziba kila upenyo chini ya paa.

Asubuhi nilimkuta uani amepiga magoti kuniamkia, lakini macho yakiwa ukutani. Popo walikuwa wameng'ang'ania udongo mbichi, jua limeshatoka, wanaukwaruza. Darini vilisikika vilio vyembamba, vingi.

"Mama, nilingoja watoke wote," alisema. "Sikutaka kuua hata mmoja."

"Mwezi huu wamezaa. Ulidhani wanawinda na watoto mgongoni, kama wewe utakavyokwenda sokoni?"

Akafunika mdomo. Popo hao ndio wanaokula wadudu wanaotoboa kokwa za makadamia shambani kwetu. Marehemu mume wangu aliwaita vibarua wasiodai pombe.

"Inuka, heshima utanipa kesho. Chukua jembe."

Akabomoa kazi yake nzuri bila kunitazama. Popo wa kwanza alimpita sikioni, akaingia, kisha wakafuata kwa makumi, na vilio vikatulia kimoja kimoja.

Upande wa jikoni, ambako moshi wa asubuhi ulikosa pa kutokea, hakuna kilicholia. Popo watatu waliingia humo, wakatoka, wakaingia tena.