Jeki Nyekundu za Lonnie

Chupa ya mate ya Lonnie ilikuwa imelala tena kwenye sinki, mle mle Neva alimooshea vikombe. Kaka yake alitafuna tumbaku tangu ujana, na yale mate ya kahawia aliyatema popote palipokuwa na tundu: chupa ya soda, kopo la maharage, siku moja hata kikombe cha marehemu mama yao. Neva aliibeba chupa kwa ncha za vidole viwili, akaimwaga kwenye nyasi kavu nje ya trela. Msimu mzima wa maonyesho ya farasi ndugu hawa wawili walilala humo, wao kwenye chumba kidogo cha mbele, farasi nyuma, na katikati ukuta wa bati usiozuia harufu wala nzi.

Leo hakutaka ugomvi. Mchana angekuja mama mmoja, Bi Odegaard, mfugaji kutoka ng'ambo ya mlima, kumtazama Biskuti. Biskuti alikuwa farasi jike wa rangi ya mchanga, mzee, mpole kama maji ya mtungini. Bi Odegaard alimtafutia binti yake mnyama wa kujifunzia, na kwenye simu alitoa sharti moja tu: farasi apande trela bila vurugu. Lonnie naye alikuwa na lake. Biskuti asipochukuliwa leo, Jumatatu anakwenda mnadani. Katika sehemu ile ya Wyoming hakuna asiyejua farasi mzee hununuliwa na nani mnadani. Watu wa nyama hawaulizi hata jina.

Na Biskuti alikuwa na hofu moja. Sakafu ikitikisika chini ya kwato zake, alirudi nyuma na hakuna kamba iliyomzuia. Ikitulia, aliingia kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo asubuhi, kwa kuwa Lonnie alipanga kuliegesha trela bila gari, walikwenda mjini kununua jeki. Trela la farasi likiwa limefungwa kwenye gari halina shida. Likiegeshwa peke yake, ukipakia farasi kwa nyuma, mkia unalemewa na pua inaweza kuruka juu. Lazima mkia ushikizwe.

"Mnataka kunyanyua au kushikiza?" aliuliza mwenye duka.

"Kushikiza," Neva alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida. Alikuwa ameshaziona alizozitaka: miguu miwili ya chuma ya kusokota, yenye nyayo pana kama sahani, rangi ya kijivu isiyopendeza. Mguu kama huo hauinui kitu. Magurudumu yanabaki chini, yanabeba mzigo wao kama kawaida, na mguu unazuia tu trela lisiyumbe.

Lonnie hakuigeukia hata mara moja. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jeki mbili zinazofunguka kama mkasi, nyekundu, zinang'aa.

"Tazama hii, mdogo wangu. Hii inanyanyua lori na dereva wake na mkewe."

"Hatunyanyui lori, kaka. Tunashikiza trela."

"Jeki ni jeki."

"Unyayo wake mdogo. Itazama ardhini."

"Tutaweka tofali." Alimkonyeza mwenye duka. "Huyu ukimwachia atachagua mpaka jua lizame. Ndiyo maana hajaolewa."

Akacheka, na uzi wa mate ya kahawia ukamshuka kidevuni. Akaufuta kwa mkono uleule aliotumia kulipia. Mwenye duka aliangalia pembeni. Neva naye aliangalia pembeni, uso ukiwaka moto, na ile miguu ya kijivu ikabaki rafuni.

Walipofika kwenye uwanja wa maonyesho Lonnie alilifungua trela kutoka kwenye pikapu. Alikuwa amemwahidi rafiki yake Dub kumwazima gari akanunue bia.

"Bi Odegaard anakuja mchana," Neva alisema. "Tungeliacha trela limefungwa tu. Tusingehitaji jeki zozote."

"Nimeshampa mtu neno langu."

Neno lake. Neva alimtazama Dub akiondoka na pikapu, mkono ukining'inia dirishani, akahisi kitu kichungu kinamjaa mdomoni kana kwamba ile tumbaku anaitafuna yeye.

Lonnie aliokota matofali mawili ya saruji karibu na vyoo vya uwanja, yametapakaa uchafu ambao Neva hakutaka kuujua. Akayaweka chini ya mkia, huku moja na kule moja, akasimamisha jeki juu yake, akaanza kuzungusha. Alizungusha mpaka magurudumu yakaachana na ardhi. Kabari za mbao alizokuwa amezitia Neva zikabaki zimelala chini, hazizuii chochote.

"Shusha, Lonnie. Magurudumu yakae chini."

"Tizama lilivyonyooka. Kama meza ya bwana harusi."

"Limenyooka, lakini halijatulia. Tofali la saruji linapasuka."

"We dada, hivi unajua kwamba unachosha?" Alitema. Mate yalitua karibu na kiatu cha Neva, mengine juu yake.

Neva aliyafuta kwa majani, taratibu, mpaka kiatu kikawa safi kuliko mwenzake. Angeweza kuzishusha jeki mwenyewe. Alikwisha kuinama, mkono umeshika mpini, gari la Bi Odegaard lilipoingia na vumbi lake, likivuta trela kuukuu lililofungwa barabara.

Mama huyo alikuwa mwembamba, kofia imechakaa. Alimpapasa Biskuti shingo, akamwinua miguu mmoja mmoja, akamchungulia meno.

"Mzuri," alisema. "Mpandishe basi nimwone."

"Afadhali tumpandishe kwenye trela lako, mama," Neva alisema.

"Atapanda kwake," Lonnie alidakia. "Si farasi wa kubembelezwa." Akamnyang'anya Neva kamba.

Bi Odegaard akafanya wanachofanya watu wa farasi kule kabla ya kupakia: akaisogelea jeki, akaipiga teke dogo kwa ncha ya buti. Jeki ikatetemeka, na vumbi la saruji likamwagika. Akafungua mdomo kusema.

Lonnie hakumngoja. Alimvuta Biskuti kwa nguvu. Kwato moja ikapanda, ya pili ikafuata, sakafu ikayumba kama kitanda kibovu. Tofali la kushoto likapasuka. Jeki nyekundu ikalala ubavu, na trela likaanguka juu ya gurudumu lake kwa kishindo kilichowanyamazisha watu wa mahema ya jirani. Biskuti alijirusha nyuma, akaichomoa kamba mkononi mwa Lonnie, akasimama umbali wa hatua chache, mzima, akitetemeka ngozi nzima.

"Farasi mshenzi," Lonnie alisema, akipuliza kiganja chake.

Bi Odegaard aliinama akalitazama tofali. "Nani alichagua hizi jeki?"

"Mdogo wangu huyo," Lonnie alisema, bila hata kupepesa. "Mambo ya duka namwachia yeye."

Neva alidhani anamjua kaka yake mpaka mwisho wa uchafu wake. Kumbe chini ya sakafu ile kulikuwa na sakafu nyingine, imeoza zaidi. Siku nyingine angeangalia pembeni. Lakini Biskuti alikuwa pale, na Jumatatu ilikuwa karibu.

"Si mimi, mama," alisema. "Nilitaka za kushikiza, akanunua za kunyanyua. Na farasi hana kosa. Sakafu ikitulia, anaingia. Nipe nafasi moja nikuonyeshe kwenye trela lako."

Lonnie alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

Neva aliiokota kamba. Alimtembeza Biskuti kidogo mpaka pumzi zikashuka, kisha akampeleka kwenye lile trela kuukuu, lililofungwa kwenye gari la Bi Odegaard, magurudumu yake yote ardhini. Biskuti aliinusa sakafu, akaikanyaga, akangoja. Haikusogea. Akaingia, akageukia majani makavu yaliyokuwa yananing'inia kwenye wavu.

"Si niliwaambia ataingia?" Lonnie alisema, akanyoosha mkono kwa Bi Odegaard ili wapeane wa mapatano.

Mama aliutazama ule mkono, akaupa noti bila kuugusa. Kisha akamgeukia Neva. "Usiku wa kwanza huwa mgumu kwa mzee kama huyu. Ungekuja naye? Tuna chumba."

Neva aliingia trela lililoinama upande mmoja, akakusanya nguo zake na buti zake. Lonnie alisimama mlangoni.

"Na mimi unaniacha na hili trela hivi?"

Neva alikuwa mtu wa kuhurumia hata panya waliokufa ndani ya ndoo ya shayiri. Aliitafuta huruma hiyo moyoni, akaitafuta kwa haki kabisa, maana huyu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Hakuipata. Akampita mlangoni, akibana pumzi.