Wiki ya Kuonekana

Darasa zima liliniita Shangazi, na sikuwalaumu. Nilianza chuo nikiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya kufukuzwa kazi mara mbili na kuachika mara moja, na jino langu la mbele liling'oka bila msaada wa daktari. Mwaka wa tatu wa ustawi wa jamii ulinikuta bado nasinzia kwenye mihadhara ya saa nane mchana.

Mkuu wa idara tulimwita Daktari Tabasamu. Siku moja akatuletea Wiki ya Fahari ya Taaluma.

"Tabibu ana koti jeupe," alisema. "Wakili ana joho. Sisi tuna nini?"

"Tuna mafaili, mwalimu," nikajibu.

Darasa likaangua kicheko, na yeye pia akacheka. Alikuwa mtu mwema, na hilo linanikera mpaka leo. "Shangazi, tumejificha mno. Watu hawatujui. Wiki hii tuonekane!"

Tukagawiwa fulana za rangi ya machungwa, kali kiasi kwamba nzi walizikwepa, zenye maandishi kifua kizima: AFISA USTAWI, NAJIVUNIA. Kila mmoja aivae akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, apigwe picha, aitume. Alama kumi.

Sasa mimi, kwenye ofisi ya ustawi nilikofanyia mafunzo, nilikuwa na mteja ambaye kwake kuonekana kulikuwa hatari. Alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni kwake, na mumewe alikuwa akimpiga pale tu ambapo nguo inafunika. Nilikuwa naingia kama mtu wa kushonewa. Miezi mitatu, sketi nne. Zote zilinibana, kwa sababu kila aliponizungushia futi kiunoni tulikuwa tunanong'ona mambo mengine, na namba aliyoandika haikuwa ya kiuno cha mtu yeyote.

"Shoga, umenenepa," alisema siku ile ya mwisho, kwa sauti ya kufika kwenye kochi alipokaa mumewe.

"Nimenenepa wapi? Wewe ndiye unavuta futi kama unafunga mzigo wa kuni."

Mume akacheka. Fundi akainama kunipima urefu, na alipoinuka akaniambia sikioni: "Alhamisi. Saa nne. Atakuwa kazini."

Nyumba salama, ya kuwaficha wanawake wanaokimbia vipigo, ilishatupa nafasi, kitanda kimoja kikubwa cha yeye na binti yake wa miaka minane. Gari la ofisi lingesubiri nyuma ya soko. Mwaka wangu wote wa masomo ulikuwa umebebwa na ile Alhamisi.

Kwa hiyo fulana sikwenda nayo kwake. Nina utundu, lakini mjinga si mimi. Niliivaa Jumanne, ofisini, mlango umefungwa, msimamizi wangu wa mafunzo akanipiga picha mbele ya kabati la mafaili.

"Nyoosha shingo," aliniambia. "Mbona unatabasamu kama unaomba radhi?"

Nikanyoosha. Na niseme kweli, nilipoiona ile picha nilijipenda. Mwanamke mzima, kazi yake imeandikwa kifuani. Niliitazama mara tano kabla sijaituma. Nilidhani inakwenda kusahihishwa tu.

Jumatano jioni Daktari Tabasamu aliibandika kwenye ukurasa wa idara mtandaoni, na chini yake maneno: "Shangazi wetu, anayewatoa wanawake kwenye nyumba za mateso." Niliiona Alhamisi asubuhi, nikiwa napiga mswaki. Watu elfu moja na mia mbili walikuwa wameshaipenda.

Nikampigia simu aiondoe.

"Kwa nini, Shangazi? Umependeza!"

Nikamweleza. Upande wa pili nikasikia anatafuta miwani yake.

Saa nne kamili nilibisha hodi, mkononi nina suruali ya kupunguzwa. Akafungua mume.

"Karibu, afisa."

Nyuma yake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Fundi yuko wapi, shemeji?"

"Kasafiri kwao, yeye na mtoto." Akaishika ile suruali, akaikagua upindo kama anajua ushonaji, akanirudishia. "Itabidi utafute fundi mwingine. Ila picha yako nzuri. Rangi imekukubali."

Huko kwao hakuna mtu. Fundi aliniambia mwenyewe, na pini mdomoni, kwamba wazazi walishafariki na nyumba ikauzwa.

Polisi walikwenda mchana, wakamkuta mume anakunywa chai. Mke kasafiri, kosa liko wapi? Simu ya fundi haikupatikana. Msimamizi wangu alipigia hospitali zote tatu, halafu akaniomba nitoke nje ili apige kwingine.

Daktari Tabasamu alikuja ofisini kwetu, uso umemshuka. "Sikujua," alisema. "Tulitaka mjivunie kazi yenu, basi."

"Nilijivunia, mwalimu," nikamwambia. "Mara tano."

Kilichobaki kilikuwa shule ya binti. Mwalimu wake alinifungulia daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina. "Mtoto asipofika siku kumi bila taarifa, tunamtoa," alisema. "Leo ni ya sita."

Nikarudi ya saba. Nikarudi ya nane. Ya tisa watoto wakaanza kuniamkia kama mtumishi wa pale.

Ya kumi nilifika kabla ya kengele, nikasimama pembeni ya geti kutazama sare zikipita, kila mwenye kimo cha binti yule nikimwinamia usoni. Kengele ikalia. Wawili waliochelewa wakaingia mbio. Mlinzi akavuta geti.

"Mama, unamsubiri wa darasa gani?"

"La pili."

Akachungulia uwanjani, akafunga komeo. "Wote wameshaingia."